Nani Anadai Damu?

Msikilizaji, hii ni jioni ya Jumamosi Kuu. Wewe uliyeko Igombe, Kayenze, au kule visiwani Ukara na Goziba, najua hukuhitaji kalenda kujua kwamba Pasaka imefika. Mwezi ulikwambia mapema. Wavuvi wa dagaa wameanika nyavu siku kadhaa sasa, taa zimewekwa kando, na vijana wengi wamekwenda kuwasalimia wazazi. Dagaa hafuati taa wakati mbalamwezi imetanda ziwa zima. Ili apande juu panatakiwa giza. Kwa hiyo kila mwaka, bila waraka wa maaskofu wala tangazo la afisa uvuvi, Juma Kuu huwakuta wavuvi wetu wa dagaa wakiwa mapumzikoni au ndiyo kwanza wanajiandaa kurudi majini.

Sababu yake inajulikana. Kanuni ya Kanisa, ambayo mizizi yake iko kwenye Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, inaiweka Pasaka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Na huo mwezi mpevu umeingia humo kwa ajili ya mnyama mmoja, mwanakondoo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinaagiza kila nyumba ya Waisraeli kule Misri ichague, siku ya 10 ya mwezi, dume la mwaka mmoja lisilo na kilema, likae nyumbani mpaka siku ya 14, kisha lichinjwe jioni. Kwa watu wanaohesabu kwa mwezi mwandamo, siku ya 14 ni mbalamwezi tupu. Mtu anayetoroka utumwani usiku, ana watoto mgongoni na mifugo mbele, hawezi kuchagua usiku ulio bora kuliko huo.

Nataka tuzungumze juu ya mwanakondoo huyo, na juu ya swali moja ambalo mahubiri ya msimu huu hulipita haraka. Damu ile, nani aliidai?

Tuanze na ile sura ya 12 yenyewe, maana wengi tunaikumbuka kuliko tunavyoisoma. Kwanza, mnyama angeweza kuwa wa kondoo au wa mbuzi. Wafugaji wa Kwimba na Magu mnaotusikiliza, mbuzi wenu walikuwa na nafasi tangu siku ya kwanza. Pili, yule mnyama alikuwa chakula. Alichomwa mzima, akaliwa usiku uleule kwa mboga chungu na mkate usiotiwa chachu, mfupa wake usivunjwe, na pasibaki kitu mpaka asubuhi. Nyumba ikiwa na watu wachache, iungane na jirani. Haya ni maagizo ya karamu ya watu wenye haraka, viatu miguuni na fimbo mkononi.

La tatu ndilo kubwa. Katika maagizo yote yale hakuna mahali panaposemwa kwamba mwanakondoo anachinjwa kwa ajili ya dhambi ya mtu. Hapewi adhabu ya mwingine. Damu yake inapakwa kwa hisopo kwenye miimo ya mlango iwe alama, kwamba ndani humu wamo watu ambao Mungu ameamua kuwatoa mikononi mwa Farao. Ni alama ya watumwa, na ni kwa ajili yao.

Mnyama wa dhambi yuko kwingine kabisa, kwenye Walawi sura ya 16, Siku ya Upatanisho, ambayo huangukia mwezi wa saba. Hapo wanaletwa mbuzi wawili na kura inapigwa. Mmoja anachinjwa, damu yake inaingizwa patakatifu kupatakasa. Wa pili kuhani anamwekea mikono kichwani, anaungama makosa ya watu wote juu yake, kisha anapelekwa jangwani kwa Azazeli. Hebu liangalie hilo kwa makini: mbuzi aliyebebeshwa dhambi ndiye asiyechinjwa. Anaondoka nazo akiwa hai.

Ni Wakristo wa kwanza waliowaunganisha wanyama hawa katika mtu mmoja. Yohana Mbatizaji, kando ya Yordani, anamwonyesha Yesu na kumwita Mwanakondoo wa Mungu anayeiondoa dhambi ya ulimwengu. Ndani ya sentensi moja amemtia kondoo wa Kutoka, mbuzi wa Walawi, na yule mtumishi wa Isaya 53 anayepelekwa machinjoni kimya. Paulo, kama miaka 20 tu baada ya msalaba, anawaandikia Wakorintho kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu aliyechinjwa. Na Injili ya Yohana inalipanga tukio kwa saa: hukumu ya Pilato inatolewa kama saa sita mchana, siku ya maandalio, wakati Yerusalemu inajitayarisha kwa wanakondoo wake. Mathayo, Marko na Luka wanahesabu tofauti, kwao karamu ya mwisho ndiyo yenyewe karamu ya Pasaka, na wataalamu wamebishana juu ya hilo kwa karne nyingi bila kumalizana.

Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ileile, anaandika kwamba wanyama wa Pasaka walichinjwa Hekaluni kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, na kwamba hesabu moja ilifikia 256,500. Wengi wanaona idadi hiyo imetiwa chumvi. Saa, hata hivyo, inafaa kuishika, kwa sababu Marko naye anasema Yesu alikata roho saa tisa. Hapo sisi tuna bahati yetu ndogo. Saa ya Waswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, sawa na saa ya watu wa Injili. Mzungu inambidi akae apige hesabu. Kwetu tisa ni tisa, na ndiyo saa makanisa ya Mwanza yanapojaa kila Ijumaa Kuu. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza Hekalu na uchinjaji ule ukakoma. Wasamaria wachache wa mlima Gerizimu, karibu na Nablus, ndio wanaoendelea kuchinja kondoo wa Pasaka mpaka leo.

Wakatoliki mtamsikia mwanakondoo usiku huu pia, padre anapoumega mkate. Wimbo ule wa Mwanakondoo wa Mungu uliingizwa kwenye Misa ya Roma na Papa Sergio wa Kwanza, mtu wa ukoo wa Kisiria, mwishoni mwa karne ya 7. Ulikusudiwa udumu kadiri mkate unavyomegwa. Zipo kwaya zetu hapa mjini ambazo padre humaliza kumega, akapanga, akasubiri, na sauti ya nne ndiyo kwanza inaingia. Lakini tusiwaguse wanakwaya usiku wa Mkesha.

Habari ya Mwanakondoo huyo ilifikaje ziwani kwetu? Ilifika kwa shida. Desemba 1877 wamisionari wawili wa Kianglikana, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mwishoni mwa 1878 msafara wa kwanza wa White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, ulifika Kageye, kijiji cha pwani yetu hii, ukielekea Buganda, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kusini ya hapa Mwanza. Waanglikana walifungua Nasa, na mwaka 1909 kituo hicho kikachukuliwa na Africa Inland Mission, ndiko ilikotoka AIC mnayoijua leo.

Hawakuwakuta watu wasiojua sadaka. Usukumani mtu alijua kumwaga pombe ya mtama kwa wazee waliotangulia. Alijua kumtoa kondoo. Alijua kumweka ng'ombe kwa jina la babu, ng'ombe ambaye haendi mnadani hivihivi kwa sababu tu mwenye zizi ameishiwa ada ya shule. Padre Laurenti Magesa, mwanateolojia wa Jimbo la Musoma aliyefariki mwaka 2022, aliandika mwaka 1997 kitabu kizima juu ya maadili ya dini ya Kiafrika, na maelezo yake juu ya sadaka yanakwenda hivi: uhai wa watu unategemea uhusiano, wa walio hai kwa walio hai, wa walio hai kwa waliokufa, wa wote kwa Mungu. Uhusiano ukikatika, mvua inakataa, mtoto haponi. Sadaka ni njia ya kuuunga tena. Ndugu waliokuwa hawasalimiani wanaketi, wanakula mnyama mmoja.

Mimi naona kutambika kwa namna hiyo kuko karibu na Kutoka 12 kuliko mahubiri mengi ninayoyasikia. Padre David Clement, Mkanada wa White Fathers, nadhani aliliona hilo pale Bujora. Kanisa lililojengwa huko wakati wake, miaka ya 1950, ni la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na mpaka leo sikukuu ya Ekaristi, wiki chache baada ya Pasaka, huendana na Bulabo, sherehe ya ngoma za Kisukuma, vyama vya Wagika na Wagalu vikishindana Kisesa mpaka vumbi linazuia kuona.

Ila pembeni ya kutambika kulikuwa na jambo lingine, nalo halikufa. Mtu akipatwa na jambo, huenda kwa mganga na kuku. Anamtemea kuku mate ili ambebe yeye na shida yake, kuku anapasuliwa, matumbo yanasomwa. Mara nyingine majibu ni kwamba babu amesahaulika, nenda ukatambike. Mara nyingine majibu ni jina la mtu. Hapo ndipo njia zinapoachana. Kuuliza uhusiano gani umekatika ni kazi moja. Kuuliza mchawi ni nani ni kazi nyingine, na hiyo ya pili haiishi mpaka apatikane mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, wahubiri hasa. Nenda viwanja vya Furahisha kipindi cha mikutano ya injili, utasikia Pasaka ikielezwa hivi: Mungu alikasirika, hasira yake ilitaka damu, Yesu akasogea mbele, damu ikamwagika, hasira ikatulia. Umati unaitikia amina. Maelezo hayo yana historia. Mwaka 1098 Anselmo wa Canterbury alimaliza kitabu akieleza kwamba dhambi inamnyima Mungu heshima yake, na heshima iliyovunjwa inataka fidia ambayo binadamu hana uwezo wa kuilipa. Kwa wafugaji wanaojua ng'ombe wa fidia, hoja hiyo haihitaji mkalimani. Lakini Anselmo mwenyewe alitenganisha fidia na adhabu: inalipwa moja au inatolewa nyingine, na Kristo kwake alitoa fidia. Ni wanamatengenezo wa karne ya 16 waliosogeza uzito kwenye adhabu, kwamba Kristo alipigwa kipigo kilichokuwa chetu. Abelardo alikwisha kupinga mapema katika karne ya 12, akisema msalaba unatugeuza sisi kwa upendo, haumgeuzi Mungu. Na mwaka 1930 mwanateolojia mmoja wa Kilutheri wa Uswidi, Gustaf Aulén, aliwakumbusha wote kwamba Kanisa la karne za mwanzo liliimba zaidi ushindi: Kristo ameingia gerezani, amevunja mlango, ametoka na wafungwa.

Hakuna mtaguso mkuu wa Kanisa uliochagua nadharia moja kati ya hizi na kuwalazimisha Wakristo wote waishike. Kanuni ya Imani inasema alisulubiwa kwa ajili yetu, inaishia hapo. Kwa hiyo mhubiri ana uhuru. Ninachosema ni kwamba hapa kwetu uhuru huo una gharama. Katika ukanda huu tayari yuko mtu mwingine, kwenye kibanda chake, anayewaambia vijana kwamba bahati inadai damu. Mhubiri akipanda jukwaani na kusema kwamba hata Mungu aliidai, kijana anatoka pale na fundisho moja kutoka kwa walimu wawili.

Irudieni habari ya mateso katika injili zote nne, muangalie ni nani anayedai damu ndani yake. Kayafa, kuhani mkuu, anawaeleza wenzake barazani kwamba ni nafuu afe mtu mmoja kuliko taifa zima liangamie. Umati unapiga kelele mbele ya Pilato. Pilato ananawa. Askari wanapiga kura juu ya nguo. Mungu, katika kurasa hizo, hadai kitu. Yeye ndiye aliyemtoa Mwana. Na hilo ndilo Waraka kwa Waebrania unalolihangaikia sura kwa sura: damu ya mafahali na mbuzi haikuwahi kuondoa dhambi, na sasa sadaka imetolewa mara moja, imetosha, madhabahu hayangoji nyingine. Mfaransa René Girard, aliyefariki mwaka 2015, alitumia nusu ya maisha yake kuonyesha kwamba jamii nyingi hutuliza ugomvi wake kwa kumwangukia mtu mmoja, kisha zikasimulia kwamba alistahili. Injili, alisema, zinaisimulia habari ileile kutoka upande wa anayeangukiwa, na zinamtangaza kuwa hana kosa.

Kayafa hakubaki Yerusalemu. Wanazuoni wetu, akiwamo Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandika juu ya mauaji ya wanaoshukiwa uchawi. Hesabu za serikali za kati ya mwaka 1970 na 1984 zilizidi watu 3,000, na zaidi ya nusu waliuawa Usukumani. Wengi walikuwa wanawake wazee. Alama iliyotajwa mara nyingi ilikuwa macho mekundu. Msikilizaji, bibi aliyepika miaka 50 kwenye nyumba isiyo na dirisha, kwa samadi kavu kwa sababu kuni zimeadimika, macho yake yatakuwa ya rangi gani? Mtoto wa jirani amekufa kwa malaria, ramli inapigwa, na yule bibi hana mtoto wa kiume wa kumsemea. Mara nyingine ana shamba ambalo mtu analitaka. Wanakijiji wanalala wakiwa wametulia siku chache. Afadhali mmoja.

Halafu, kuanzia karibu mwaka 2007, tukafika mahali ambapo sikudhani tungefika. Watu wenye ualbino walianza kuwindwa, mikono na miguu yao ikatwe, iuzwe kama dawa ya utajiri kwa wanaotaka dhahabu au samaki kwa wingi. Mwanza, Shinyanga na Geita, sisi tunaosikilizana jioni hii, ndiko kulikovuma. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya aina hiyo. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku ramli chonganishi. Siku chache kabla ya marufuku hiyo, Desemba 2014, wilayani Kwimba, mtoto wa kike wa miaka 4 alichukuliwa kutoka nyumbani kwao usiku. Siku mbili baada ya Krismasi.

Nalitaja hili usiku wa Pasaka kwa sababu ni suala la Pasaka. Mwenye kununua kiungo cha mtu anaamini kwamba uhai wa asiye na kosa, ukimwagwa, unageuka kuwa mali ya mwingine. Hiyo ni sadaka iliyogeuzwa juu chini: mnyonge anatolewa kwa faida ya mwenye nguvu. Damu ya Kutoka ilipakwa mlangoni ili mtoto aliyemo ndani asiguswe. Na wanunuzi hawatoki sayari nyingine. Wana majirani, wana simu, wengine wana jina la ubatizo na sare ya jumuiya.

Nigusie pia kisu cha buchani, ingawa sitakaa hapo. Mnakumbuka mwanzo wa 2013 kanda hii ilivyochafuka juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa. Februari ya mwaka huo, Buseresere mkoani Geita, ugomvi huo ulimaliza maisha ya mchungaji mmoja. Serikali ikasisitiza mazoea ya siku zote, kwamba nyama ya wote ichinjwe na Mwislamu. Walikuwapo Wakristo waliosema kula nyama iliyotajiwa maneno ya dini nyingine ni kushiriki sadaka ya dini hiyo. Paulo alikutana na swali gumu kuliko hilo, nyama ya mahekalu ya sanamu iliyouzwa sokoni Korintho, akawaambia wanunue, wale, wasiulizeulize. Mwislamu ana sharia yake ya kuchinja na ni haki yake kuishika. Mkristo anayeamini kwamba sadaka ilikwisha Kalvari hana ibada yoyote iliyobaki kwenye machinjio. Kufa mtu kwa sababu hiyo kulikuwa msiba wa pande zote mbili, na kwa upande wetu kulikuwa pia kusahau katekisimu.

Lakini nisiwasimulie mabaya tu. Ufuo huu umeona pia watu walioishika damu ya Mwanakondoo kwa namna iliyowatia adabu wakubwa. Miaka ya 1930 Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, ulishuka Uganda na kuvuka mpaka Bukoba. Waliitwa Balokole, waliookoka. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, uliimbwa stendi, sokoni na kwenye meli. Walizungumza juu ya damu ya Yesu mchana kutwa, mpaka mapadre na wachungaji wengine wakachoka nao. Na kulikuwa na ukali ndani yake, watu wakiungama hadharani mambo ambayo wake zao walistahili kuyasikia kwanza faraghani. Hata hivyo angalieni lililofuata kuungama. Walirudisha vitu. Aliyeiba jembe alilibeba mchana kweupe mpaka kwa mwenyewe. Waliokuwa wamepunja walikwenda kulipa, na waliokuwa wamechukua vifaa vya misheni au vya serikali walivirudisha, mtu akipokea asijue aandike kwenye daftari lipi. Kwao damu iliyolipa haikumfutia mtu deni la jembe.

Jambo la pili lilitokea Kenya. Vita ya Mau Mau ilipoanza mwaka 1952, watu wa Uamsho huko Ukikuyuni walitakiwa kula kiapo kilichohusisha damu ya mbuzi. Wengi wao walikataa kubeba bunduki za serikali. Lakini kiapo nacho walikikataa, wakieleza kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawana nafasi ya nyingine. Wapo waliouawa kwa jibu hilo. Unaweza usikubaliane na msimamo wao wa kisiasa, na wazee wengi wa Kenya hawakukubaliana nao. Lakini waliielewa Waebrania.

Nimalizie na ziwa, siyo letu, la Galilaya. Sura ya mwisho ya Injili ya Yohana ina wanafunzi saba waliovua usiku kucha wasipate kitu. Alfajiri mtu yuko ufukoni, anawaambia watupe jarife upande wa kuume, na wanapata samaki 153. Wanapofika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Yohana anataja moto wa makaa mara mbili tu katika injili yake. Wa kwanza uliwashwa uani kwa kuhani mkuu, usiku ule Petro alipomkana Yesu mara tatu huku anaota moto. Wa pili ni huu. Petro ana deni na kila mtu pale analijua. Kwa desturi za dunia, huu ndio wakati wa kuuliza fidia itakuwa nini. Yesu anamlisha kifungua kinywa. Kisha anamuuliza mara tatu kama anampenda, na mara ya kwanza anapojibu anapewa kazi ya kuwalisha wanakondoo.

Mwanakondoo aliyeonyeshwa na Mbatizaji katika sura ya 1 amegeuka, mwishoni mwa kitabu, kuwa wanakondoo walio hai wanaongoja kula. Kwetu wengine wao wana anwani. Mauaji yalipopamba moto, shule ya msingi Mitindo kule Misungwi na kituo cha Buhangija mjini Shinyanga vilipokea watoto wenye ualbino ambao nyumbani hapakuwa salama tena. Panga ndilo lililoandikwa magazetini, lakini kinachowaua wengi zaidi ni saratani ya ngozi, kwa jua hili letu. Wanahitaji kofia pana, mikono mirefu, miwani, kiti cha mbele karibu na ubao, na mafuta ya kuzuia jua, ambayo yanatengenezwa hapahapa nchini, Moshi. Mafuta hayo hupakwa kila siku, asubuhi na tena mchana, kwa hiyo kopo huisha haraka na lazima lije lingine.

Pasaka njema.